Kinu Kikishika Maji

Kwa-kwa, nko. Kwa-kwa, nko. Mbili nyepesi, moja nzito. Hiyo ni nyundo ya Mama Kabula, na mpaka leo naisikia nikiwa nachoma vitumbua vyangu barazani, ingawa nyundo yenyewe siku hizi ameiweka chini ya mlango usibamizwe na upepo wa ziwani. Zamani ilikuwa inashuka asubuhi kutoka machimboni, inapita juu ya mabati ya Igogo, inaingia dirishani kwetu kabla honi ya kivuko cha Sengerema haijalia. Mbili za kwanza ni za kuliuliza jiwe, alikuwa anasema, ya tatu ni ya kulijibu. Mwenzangu Nyamizi yeye alipiga nko-nko-nko-nko kama mtu aliyefungiwa chooni. Mimi nilikuwa napiga halafu nanyamaza, napiga halafu nanyamaza, maana kila jiwe likipasuka lazima nichungulie kwanza ndani kuna nini.

Wadogo zangu, mimi ni mstaafu. Chekeni tu, najua nina miaka thelathini na tatu na meno yote yapo. Lakini mtu akifanya kazi moja miaka kumi na minne, halafu kazi yenyewe ikafungwa, mnataka aitwe nani? Mama yangu anasema naitwa mvivu. Mimi nimechagua mstaafu.

Naandika haya kwa sababu nimewaona. Mnapanda pale juu jioni jioni kupiga picha za ziwa, mnakaa kwenye ule mwamba bapa, mnaweka chupa zenu za soda kwenye vile vishimo vilivyojipanga mstari. Zinakaa vizuri, hazianguki. Halafu mnaulizana: hivi vishimo vimetoka wapi? Mmoja wenu nilimsikia akisema ni nyayo za tembo. Nikasema hapana, hawa watoto wakiachwa hivi watatuandikia tembo mahali tulipokaa sisi.

Basi ilikuwa hivi. Wanaume walikuwa chini kwenye shimo kubwa. Waliwasha magogo juu ya mwamba tangu alfajiri, wakangoja mpaka jiwe lenyewe litoe mlio ndani, tii, kama sufuria tupu iliyosahauliwa jikoni. Hapo wanalimwagia maji na kulipiga mtaimbo, linafunguka. Vipande wanatupandishia sisi wanawake kule juu, kila mmoja chini ya kitenge chake kilichofungwa kwenye miti minne, tunavunja kokoto. Ukiona nyumba ya Mwanza imesimama kwenye mteremko kama mbuzi na haiporomoki, salimia kwa heshima. Huenda miguu yake tumeivunja sisi.

Nilifika pale nikiwa nimemaliza darasa la saba na kukaa nyumbani miaka kadhaa nikiota kusoma taarifa ya habari redioni. Mama Kabula alinitazama mikono kabla hajanitazama uso.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Unaitwa nani?”

“Zuhura.”

“Haya, Zuhula, kaa. Mikono hii imezoea kushika kikombe cha chai.”

Mpaka leo hajawahi kuniita vinginevyo. Ni Msukuma wa kwelikweli, na nimeshamzoea hivyo hivyo. Siku mwalimu mmoja aliponiita Zuhura mbele yake, aligeuka kutafuta ni nani mwingine amekuja.

Siku ile ya kwanza alinipa pete. Msifikirie harusi. Ni ukanda wa mpira wa tairi uliokunjwa ukawa duara, una mshikio wa waya. Jiwe unalizungushia pete, unalibana kwa mkono wa kushoto, unapiga kwa kulia. Bila pete utapiga jiwe mara tisa, ya kumi utapiga kidole, na vipande vitaruka kwenye macho ya jirani. Akanifundisha nisipige katikati, nitafute mshipa. Jiwe zima ukiligonga linalia. Jiwe lenye ufa linakohoa. Lile linalokohoa ndilo lako, maana limeshaanza kukubali kabla hujaliomba. Haya mambo hayakuandikwa popote. Yalikuwa yanakaa masikioni mwa watu, na wengi wa watu hao wameshaondoka.

Sasa vishimo. Tuliviita vinu, kwa sababu vinafanana na kinu cha kutwangia. Mtu akikaa mahali pamoja na kupondea mawe juu ya mwamba ule ule kila siku, mwamba nao unaliwa. Kidogo sana, kama sabuni ya mtu bahili. Mgeni hapewi kinu cha mtu. Anaonyeshwa mahali bapa, anaanza mwenyewe. Na kila asubuhi kabla ya kupiga jiwe la kwanza, unamwaga kiganja kimoja cha maji pale unapopondea. Vumbi linalala, halikuingii kifuani. Mwanzoni maji yanakimbia yote, yanakwenda zake ziwani. Unamwaga, yanakimbia. Mwaka unapita, yanakimbia. Halafu siku moja yanakaa. Ukiona yamekaa, usiseme kitu. Jirani akiona ndiye anayesema, na wote wanaweka nyundo chini na kuita mara tatu: Kinu cha fulani! Kinu cha fulani! Kinu cha fulani! Tangu siku hiyo wewe ni mtu wa mwamba, hata ukilala nyumbani mwezi mzima na malaria hakuna atakayekaa pako.

Mimi nilitaka kuitwa upesi. Na Nyamizi tulianza mwezi mmoja, na yeye kwa ile kasi yake ya chooni alikuwa amekaribia. Siku moja wenzangu wamekwenda kunywa uji, nikachukua tindo la wanaume, nikachonga. Nikachimba kishimo kizuri, duara kabisa. Asubuhi nikamwaga maji, yakakaa, nikatazama pembeni kama mtu asiye na habari.

Mama Kabula akaja. Hakuita. Akaingiza kidole gumba, akakizungusha.

“Mwanangu, kinu chako kina meno.”

“Meno gani, mama?”

“Ya tindo. Nyundo inapapasa. Tindo linang'ata. Kaa, ponda jiwe, tuone.”

Nikaweka jiwe, nikapiga. Jiwe likakanyaga lile jino, likateleza, likaruka likanipata hapa kidevuni. Hili kovu mnaloliona ninapowauzia vitumbua ni la siku hiyo. Wakanifunga kitambaa huku wanacheka mpaka Nyamizi akakaa chini. Kisha Mama Kabula akanihamisha mahali papya, bapa kama meza, nikaanza upya. Ilinichukua miaka mitatu na zaidi. Siku yangu ilipofika, aliyeona maji yamekaa ni Nyamizi, na ndiye aliyeita kwa sauti kubwa kuliko wote, yule mchokozi, akilia.

Machimbo yalifungwa kwa sababu nyumba zilikuwa zimeyakaribia na zile kokoto za mashine zilikuwa zimejaa mjini. Hatukugombana na mtu. Tulifungua vitenge vyetu kwenye miti, tukaondoka. Nyasi zikaota, mbuzi wakaja, nanyi mkaja na simu zenu.

Halafu mwaka jana ikaja habari kwamba shimo litafukiwa na juu patasawazishwa, mtu mmoja anataka uwanja wa kuegesha malori. Mwamba wetu nao ungevunjwa. Nikamkimbilia Mama Kabula kumweleza. Magoti yake yamechoka, hatembei mbali, anakaa mlangoni na ile nyundo yake. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Shimo wafukie,” akasema. “Shimo ni la kufukiwa. Lakini kinu changu wakifukie nikishafukiwa mimi. Watoto wangu wamekulia pale. Sina picha nyingine.”

Nikamwahidi. Niliahidi nini hata sijui, maana mimi ni mchoma vitumbua. Lakini nilisema, “Mama, hawatakivunja,” na ukishamwambia mtu mzima maneno hayo, usingizi wako umeisha.

Kabla ya kufukia akaletwa afisa wa mambo ya kale, aangalie kama kuna chochote cha kutunzwa. Kijana mpole, kofia pana, begi mgongoni. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyemwongoza, na Mwenyekiti wetu mnamfahamu, viatu vyake havikanyagi vumbi. Alisimama pembeni kwenye nyasi. Sisi wanawake wa zamani tulikuwa watano tuliojitokeza, Nyamizi akiwa mbele.

Afisa alipofika kwenye mwamba bapa, alipiga magoti. Akapuliza vumbi. Akatembea kwa magoti kutoka kinu hadi kinu, anavihesabu, anavipiga picha, na uso wake ukawa kama wa mtoto aliyeona kivuko mara ya kwanza.

“Hivi ni vya kale sana,” akasema. “Kuna vishimo vya namna hii kwenye miamba mingine huku kanda ya ziwa. Watu wa zamani sana. Mwenyekiti, hapa pasiguswe kwanza.”

Mimi nikafungua mdomo. Nyamizi akanifinya mbavuni, kucha zote.

“Nyamaza,” akanong'ona. “Kama ni vya mababu, hawavunji.”

“Lakini hicho anachokipiga picha ni chako.”

“Basi mimi ndiye bibi yako. Nyamaza!”

Nikanyamaza. Afisa akasema atarudi wiki inayofuata na vifaa vya kupimia. Tukashuka mlimani tumeshikana mikono, wengine wanacheka. Mwamba umepona. Nilitakiwa nifurahi, na nusu yangu ilifurahi. Nusu nyingine ilikuwa inatafuna kitu. Nikapitia kwa Mama Kabula kumpa habari njema.

Alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. Kisha akawa anazungusha kikombe.

“Kwa hiyo mimi nimeshakufa siku nyingi.”

“Hapana, mama, ni hivyo tu wanadhani...”

“Wamenifanya mzimu, Zuhula, na ugali wangu bado uko jikoni.” Akanitazama. “Watakiandika ni cha nani?”

“Cha watu wa zamani.”

“Watu gani?”

“Hawajulikani.”

“Mimi najulikana.” Akaweka kikombe chini. “Kamwambie. Kama wanakiacha, wakiache kikiwa changu. Kama hakiwezi kuwa changu, wavunje tu. Kinu cha mtu asiyejulikana kitanisaidia nini?”

Sasa niambieni, wadogo zangu, ningefanya nini? Wenzangu wanne walikuwa wamepata walichotaka kwa kunyamaza. Yeye mmoja alitaka kitu kingine, na bila yeye nisingejua hata kushika pete. Nilichoma vitumbua vikaungua siku tatu mfululizo.

Afisa aliporudi, alikuja na futi ya kamba na daftari. Mwenyekiti yupo kwenye nyasi zake. Nikamwacha afisa apime kinu cha kwanza, cha pili, nikasema:

“Samahani, kaka. Hicho ni cha Nyamizi. Huyu hapa.”

Akainua uso akitabasamu, akidhani ni utani.

“We Zuhura, mdomo wako huo!” Nyamizi akafoka. “Utauza mwamba!”

“Cha Nyamizi kivipi?” akauliza afisa.

Nikaona nimwonyeshe. Nilikuwa nimekuja na nyundo yangu na pete kwenye mfuko. Nikakaa mahali pangu, nikamwaga kiganja cha maji, yakakaa. Nikaokota jiwe, nikalizungushia pete, nikapiga. Likafunguka safi. Nikachungulia ndani, mazoea hayafi. Nikamwambia aingize kidole gumba azungushe.

“Nyundo inapapasa,” nikasema. “Ukiona meno, hayo ni ya tindo. Njoo huku nikuonyeshe changu cha uongo.”

Nikampeleka kwenye kile kishimo changu cha wizi. Akapapasa kimoja, akapapasa kingine, akarudia. Kofia akaivua. Sikuwahi kumwona mtu amevunjika moyo kwa upole namna ile. Akafunga daftari.

“Asante, dada,” akasema. “Ningeandika uongo.”

Mwenyekiti akakohoa, akasema basi shughuli imekwisha, malori yaendelee. Nyamizi akanipa mgongo. Nami machozi yananitoka, maana niliona mwamba wote umevunjika kwa kauli yangu na Mama Kabula hata hakuwepo kuona.

Lakini afisa hakuondoka. Alikaa pale pale juu ya mwamba, akafungua tena daftari, ukurasa mwingine.

“Na hiki cha tatu ni cha nani?”

“Cha marehemu Mama Shija,” akajibu mmoja wa wenzangu, taratibu.

“Cha nne?”

Hapo tukatazamana. Wote tulijua, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenyewe, kwa vile viatu vyake. Nyamizi ndiye aliyegeuka.

“Cha mama yako, Mheshimiwa,” akamwambia Mwenyekiti. “Mama Kabula ametusimulia, wewe ulikuwa unalala hapo nyuma yake kwenye karai. Uliponyoka ukaanguka, mama akakuita jiwe langu.”

Mwenyekiti alijua mama yake alivunja kokoto. Alijua ndizo zilizomsomesha. Hakujua wapi. Akatoka kwenye nyasi. Akakanyaga vumbi lile na viatu vile, akaja mpaka cha nne, akachuchumaa. Mkono wake uliingia wote.

“Kina kina hivi?” akauliza.

“Alikaa miaka mingi,” Nyamizi akasema. Tukamwacha.

Baada ya hapo majina yalitoka yenyewe, tunasahihishana, tunabishana nani alikaa upande gani wa nani. Tukafika kumi na moja, na cha kumi na moja ni cha Mama Kabula, kirefu kuliko vyote. Afisa akasogea pembeni kidogo, penye nyasi, akazifunua.

“Na hiki?”

Hakuna aliyejua ni cha nani. Kila mtu anamtazama mwenzake. Mimi nimepita pale miaka kumi na minne, na siku zote nilidhani ni cha mmoja wa wenzangu, kumbe kila mmoja alidhani hivyo hivyo. Nikaingiza kidole gumba. Hakikuwa na meno. Wala hakikuwa na ule mparuzo wa nyundo. Kilikuwa laini kabisa, kama ndani ya kibuyu.

Tukampigia simu Mama Kabula, sauti tukaifungua wote wasikie.

“Hicho cha pembeni?” akasema. “Hicho nilikikuta. Siku ya kwanza nilipofika mwamba ulikuwa mtupu, hicho tu kipo. Nilikuwa naweka humo maji yangu ya kunywa. Kwani hamkujua?”

“Ni cha nani, mama?” afisa akauliza, karibu amnyang'anye Nyamizi simu.

“Mwanangu, mimi sikuuliza. Nilikuwa na watoto wadogo.”

Afisa alikaa na kile kinu saa nzima. Alisema huenda mtu alisagia ulezi hapo, huenda dawa, huenda rangi. Alisema hajui, na safari hii aliandika hivyo hivyo, hajui. Mimi nilimpenda kwa hilo.

Kwenye mkutano wa mtaa Mwenyekiti alisema maneno machache. Shimo lilifukiwa, malori yapo, mmeyaona. Lakini mwamba bapa umeachwa na umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na chokaa ile aliipaka Mwenyekiti kwa mikono yake, Jumapili mbili. Kibao bado hakijawekwa. Afisa anasema bado anaandika. Mama Kabula tulimpandisha kwa bajaji mpaka ilipoishia njia, kisha tukambeba kwenye kiti, analalamika tunamtikisa. Akamwaga maji kwenye kinu chake, akakitazama, akasema, “Haya, nirudisheni nikapike.” Nyamizi ameshanisamehe, ila vitumbua anachukua viwili kabla hajanisalimia.

Kwa hiyo mkipanda, chupa zenu wekeni tu. Hatuna kinyongo, vinu havivunjiki kwa soda. Lakini sasa mnajua mmeweka kwa nani.

Mimi bado napanda, mara moja moja, asubuhi kabla sijawasha jiko. Juzi nilikwenda peke yangu. Nilijaribu kumfikiria, yule wa pembeni: alitazama ziwa hili hili, alikuwa anaimba au ananuna, kidole chake gumba kilikuwa na sugu upande gani. Nikafunua nyasi, nikamwaga kiganja kimoja cha maji. Yakakaa. Sikuwa na jirani wa kuita, kwa hiyo niliita mwenyewe, mara tatu, na jina sikuwa nalo.

Kinu cha mwenyewe, nikasema. Kinu cha mwenyewe. Kinu cha mwenyewe.